Kuona ndani ya ubao na jiwe bila kupasua: uzi kuhusu tomografia

Mleta uzi, Lamu

Assalamu alaykum nyote, wa visiwani na wa bara.

Nimefanya kazi ya kupiga picha za eksirei kwa miaka mingi, kwanza Malindi, kisha Mombasa, na sasa nimestaafu na kurudi nyumbani Lamu. Ninafungua uzi huu kwa sababu ya kipande cha ubao kilichoko mezani mbele yangu. Urefu wake ni shubiri moja na nusu, na kilikatwa kwenye ubao wa chini wa mashua iliyopandishwa pwani pale Matondoni kwa matengenezo. Fundi aliugonga ubao kwa mpini wa nyundo, akatega sikio, akasema, "Huu umeshaliwa," nami nilipoutazama sikuona palipoliwa. Upande uliokuwa ukigusa maji ulikuwa na vitundu kumi na kimoja tu, kila kimoja kikiwa kama kimechomwa kwa sindano ya kushonea gunia. Upande wa ndani ulikuwa safi, rangi yake nzuri, na alama za tezo zilikuwa zingali zinaonekana.

Niliomba kituo kimoja cha picha za tiba kiniruhusu kukipitisha kipande hicho kwenye mashine ya CT, yaani ya tomografia kwa eksirei na kompyuta, alfajiri, kabla ya mgonjwa wa kwanza kuingia, nao wakakubali. Picha zilipotokea kwenye kioo, nilikaa kimya kwa muda. Kila kitundu cha nje kilikuwa mlango wa njia iliyozidi kupanuka kadiri ilivyoingia, mpaka ikawa nene kama kidole cha mwisho, ikakata kona na kufuata nyuzi za mti. Kuta za njia hizo zilikuwa zimepakwa chokaa nyembamba, na kwa kuwa chokaa huzuia miale kuliko mti unavyoizuia, kila njia ilikuwa na ukingo mweupe niliouweza kuufuata kwa kidole tangu mwanzo hadi mwisho. Zilipishana, zikakaribiana hadi katikati yake ukabaki utando wa mti mwembamba kama karatasi, lakini hazikuwapo hata mbili zilizokutana. Huyo tunayemwita mdudu kwa kweli ni wa jamii ya chaza na kombe. Huingia akiwa mchanga, mdogo mno, hukulia humo humo ndani ya ubao, na chokaa ya kuta zake huitoa mwilini mwake mwenyewe. Karibu nusu ya kipande hiki ni njia zake.

Sasa, kama ningekipiga kipande hiki eksirei ya kawaida, ningepata kivuli kimoja ambamo njia zote kumi na moja zimelaliana, iliyo karibu na uso na iliyo kwenye moyo wa ubao zikiwa zimechorwa mahali pamoja, na nisingeweza kusema ni utando upi wa mti uliobaki salama. Tomografia huvichukua vivuli vingi, kila kimoja kutoka upande wake, kisha kwa hesabu hujenga upya umbo lenyewe, tabaka kwa tabaka, ili uweze kulifungua popote upendapo kana kwamba umepitisha msumeno. Msumeno wa kweli hukata mara moja na mahali pamoja, na ukiukosea ubao huwezi kuurudisha. Huu wa hesabu hukata mara elfu, na kipande kinabaki mezani kama kilivyokuwa.

Wengi hudhani kwamba elimu hii ilianza na wagonjwa, na kwamba kuipeleka kwenye mbao na mawe ni kuiazima. Naomba nilieleze jambo hili kwa kirefu kidogo, kwa sababu linanigusa, na kwa sababu lilitokea barani mwetu. Allan Cormack alikuwa mwanafizikia aliyezaliwa Johannesburg mwaka 1924, naye alikuwa akifundisha Cape Town mwaka 1956 alipotakiwa kusimamia matumizi ya mnururisho katika hospitali ya Groote Schuur. Aliona kwamba tiba ya miale ilipangwa kana kwamba mwili wa binadamu ni kitu cha aina moja toka ngozi hadi ngozi, ilhali mfupa, nyama na pafu havizuii miale kwa kiasi kimoja. Akajiuliza kama inawezekana kujua, kwa kupima kwa nje tu, kila nukta ya ndani inazuia miale kiasi gani. Mwaka 1957 alifanya jaribio lake la kwanza, nalo halikuwa na mgonjwa. Lilikuwa duara la alumini lililozungushiwa mti, likipitishwa katika miale ya gama ya kobalti. Alipiga hesabu, akapata kiasi cha alumini na kiasi cha mti kama ilivyotarajiwa, ila namba chache za katikati kabisa zilikuwa chini kidogo kuliko zilivyopaswa kuwa. Alipofuatilia kwenye karakana iliyomtengenezea, alifahamishwa kwamba katikati ya alumini ile palikuwa pametiwa kigingi cha alumini ya aina nyingine. Hesabu ilikuwa imekiona kitu ambacho mwenyewe hakujua kuwa kipo.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ambacho elimu hii ilikitazama kilikuwa mti na madini, na kosa la fundi lililofichika ndani yake. Cormack alichapisha kazi yake mwaka 1963 na 1964, na wakati huo wachache waliijali. Uingereza, mhandisi Godfrey Hounsfield wa kampuni ya EMI aliifikia njia hiyo kivyake, na tarehe 1 Oktoba 1971 mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya kichwa kwa mashine yake katika hospitali ya Atkinson Morley, London. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1979. Hesabu yenyewe ilikuwa imeshaandikwa na Johann Radon wa Austria mwaka 1917, lakini Cormack alipoanza hakuwa na habari nayo, akaifanya upya.

Hapa kwetu tuna vitu vingi ambavyo havifai kukatwa: milango ya bambakofi iliyochongwa, kuta za matumbawe, boriti za mikoko zilizobeba dari kwa vizazi, na vyombo vinavyoenda baharini na watu. Ningependa tujadiliane ni wapi picha hizi zingetufaa, na ni wapi zisingetufaa. Mwenye swali aulize.

Fundi wa vyombo, Matondoni

Waalaykum salaam, mwanangu. Ubao huo niliukata mimi, na namshukuru Mungu kwamba sikio langu halijanidanganya.

Nina maswali mawili. La kwanza, je, picha hiyo inaweza kupambanua njia yenye mdudu aliye hai na njia ambayo mwenyewe alishakufa? Sisi tukikipandisha chombo kwenye maji ya bamvua, tunakichoma kwa makuti chini, kisha tunakipaka deheni, na siku zote nimetaka kujua moto umefanya kazi kwa kiasi gani kule ndani ambako jicho halifiki. La pili, badala ya kukata kipande, kwa nini tusiipitishe mashua nzima?

Mleta uzi, Lamu

Mzee wangu, swali lako la kwanza ni zuri kuliko yote niliyoulizwa na wasomi.

Mashine ya CT hutoa namba kwa kila nukta, na namba hizo hupimwa kwa kipimo kilichopewa jina la Hounsfield, ambacho maji ni 0 na hewa ni 1000 chini ya sifuri. Njia iliyokauka, yenye hewa tu ndani yake, hujitambulisha mara moja kwa weusi wake. Lakini njia yenye mdudu hai na njia iliyojaa maji ya bahari baada ya mwenyewe kufa zinakaribiana sana, kwa maana mwili laini ni maji kwa sehemu kubwa. Utaona pia vigamba viwili vidogo vilivyo kwenye kichwa chake, ambavyo ndivyo anavyotobolea ubao, lakini vigamba hubaki hata baada ya kifo. Basi picha moja haitoshi. Kinachotoa jibu ni kukipiga kipande kile kile picha, kukirudisha baharini kwa wiki kadhaa, kisha kukipiga tena. Njia iliyorefuka ina aliye hai, na iliyosimama palepale mwenyewe ameondoka. Kuhusu moto, ningefanya hivyo hivyo kwa vipande viwili vya ubao mmoja, kimoja kilichochomwa kwa makuti na kingine kilichoachwa, na ningewaomba nyinyi wenyewe mkichome kwa desturi yenu, si mimi kwa jiko.

Kuhusu mashua nzima, haiwezekani, na sababu ni tatu. Tundu la mashine ya hospitali lina upana wa sentimita 70 hivi. Pili, misumari ya chuma huzuia miale kuliko mti kwa kiasi kikubwa mno, na katika hesabu kila msumari hutoa michirizi myeusi na myeupe inayokata picha nzima, hata ubao ulio mzima ukaonekana umepasuka. Tatu, kadiri kitu kinavyokuwa kikubwa, ndivyo undani unavyopotea, jambo ambalo nitalieleza zaidi hapo mbele.

Hata hivyo, ile nyundo yako ina ndugu yake katika elimu hii. Iko tomografia inayotumia sauti: vipokezi hufungwa kuzunguka mti, kila kimoja kinagongwa kwa zamu, na muda wa sauti kufika kwa vingine unapimwa. Sauti hupita upesi katika mti mzima, na huchelewa palipooza au palipo na uwazi kwa kuwa inabidi izunguke. Kutokana na muda huo huchorwa ramani ya ndani. Ramani hiyo haina undani wa eksirei, lakini kifaa hubebwa mkononi, na watunza miti hukitumia kwa miti iliyosimama. Mkuku wa jahazi ungeweza kupimwa hivyo ukiwa pwani.

Mwanafunzi, Malindi

Shikamoo, ami. Mimi nasoma kidato cha nne na nayapenda sana masomo ya fizikia. Nimeelewa kwamba vivuli vingi hugeuka kuwa umbo, lakini sijaelewa vinageukaje. Kivuli kimekwisha kujumlisha kila kitu kilichokuwa njiani. Kitu kilichokwisha kujumlishwa kinatenganishwaje?

Mleta uzi, Lamu

Marahaba, mwanangu. Umeliweka swali pale panapostahili. Tulijibu kwa bao.

Chukua mashimo manne tu, mawili juu na mawili chini. Mwenzako ametia kete ndani yake, kisha ameyafunika kwa kitambaa, na anakubali kukuambia jumla tu. Anakwambia kwamba mashimo ya juu yana kete 7 kwa pamoja, na ya chini yana 3. Hicho ni kivuli cha kwanza, ulichokitazama kutoka ubavuni. Kisha anakwambia kwamba mashimo ya kushoto yana kete 6 kwa pamoja, na ya kulia yana 4. Hicho ni kivuli cha pili, kutoka mbele. Jaribu sasa kuyajaza. Utaona kwamba 5 na 2 juu, 1 na 2 chini, inakubali. Lakini 4 na 3 juu, 2 na 1 chini, nayo inakubali, na ukiendelea utapata majibu manne yasiyogombana na jumla hata moja. Vivuli viwili havijatosha. Sasa muulize swali moja zaidi: shimo la juu kushoto na la chini kulia yana kete ngapi kwa pamoja? Akikwambia 7, majibu matatu yanaanguka na linabaki moja tu, lile la 5 na 2 juu, 1 na 2 chini. Kivuli cha tatu, kilichopigwa kwa mshazari, kimefungua kitambaa.

Mashine hufanya hivyo hivyo kwa mashimo mengi zaidi. Ile ya kwanza ya Hounsfield ilipima kwenye pembe 180, kila pembe vipimo 160, yaani vipimo 28,800 kwa kila picha, na kutokana na hivyo ilijaza picha yenye vyumba 80 kwa 80, yaani vyumba 6,400. Utaona kwamba vipimo ni vingi kuliko vyumba, na ni lazima iwe hivyo, kwa sababu kila kipimo kina kosa dogo na vingi husahihishana.

Jambo moja lizingatie. Hakijumlishwi kivuli chenyewe kama jicho linavyokiona. Mwale ukipita katika unene fulani na ukapungua kwa nusu, ukipita katika unene mwingine kama huo hupungua tena nusu ya kilichobaki, kwa hiyo huzidishana badala ya kujumlishana. Ndiyo maana kwanza tunachukua logi ya kipimo, ile logi uliyofundishwa darasani, na hapo ndipo kuzidisha kunageuka kuwa kujumlisha na hesabu ya bao inafanya kazi.

Kwa vitendo, kompyuta haikai kujaribu majibu kama tulivyofanya sisi. Kila kivuli hunolewa kingo zake, kisha hurudishwa kinyumenyume kupitia njia ile ile uliyopita mwale, na vivuli vyote hukutana pale kitu kilipo kweli. Mwaka 1984 watafiti watatu wa kampuni ya magari ya Ford, Feldkamp, Davis na Kress, walichapisha njia ya kufanya hivyo kwa miale inayotawanyika kama pia kutoka kwenye nukta moja, na ndiyo inayotumika hadi leo katika mashine nyingi za kuchunguzia vitu. Hospitalini mashine humzunguka mgonjwa. Katika maabara ya vifaa mashine husimama, na kipande chenyewe ndicho kinachozungushwa taratibu kwenye kisahani.

Mwashi, Langoni

Nimesoma yote kwa makini. Mimi ni mwashi, na kazi yangu kubwa siku hizi ni kubandua saruji ambayo watu waliipaka juu ya kuta za mawe. Ukuta unakaa miaka michache, kisha plasta inavimba, inaanguka kwa mapande, na nyuma yake kuna unga mweupe wa chumvi na jiwe limekuwa laini kama biskuti iliyoingia maji. Wenye nyumba wananiambia jiwe ni baya. Mimi nawaambia jiwe limekaa hapo tangu babu zao, ubaya uko kwenye saruji. Je, picha hizi zinaweza kuonyesha chumvi iko wapi ndani ya jiwe, ili niwe na cha kuwaonyesha?

Mleta uzi, Lamu

Fundi, hapa umenigusa, na jibu langu litakuwa refu.

Ukuta mzima tuuache. Nusu mita ya matumbawe na chokaa ni nyingi mno kwa miale ya mashine za kawaida. Tunachoweza kukitazama ni kipande, na kanuni yake ni rahisi: gawanya upana wa kipande kwa idadi ya vijicho vya kipokea miale. Kipokezi chenye vijicho 2,000 kwa upana, kikitazama kipande cha milimita 20, kila nukta inakuwa mikromita 10 (mikromita elfu moja ni milimita moja), ambayo ni ndogo kuliko unene wa unywele. Kikitazama tofali la sentimita 20, kila nukta inakuwa mikromita 100, na vitundu vyote vilivyo vidogo kuliko hapo vinapotea. Mashine ya hospitali hukomea karibu nusu milimita. Kwa hiyo kipande cha ukubwa wa ncha ya kidole kitakueleza habari za chumvi kuliko jiwe zima. Mashine za namna hiyo ziliasisiwa London, ambako Elliott na Dover mwaka 1982 walichapisha picha za gamba la konokono mdogo wa maji, zenye undani wa mikromita 50 hivi. Leo Afrika Kusini, kwenye Chuo Kikuu cha Stellenbosch na kwingineko, ziko maabara zinazofanya kazi hii kila siku.

Nini kitaonekana? Hapa kuna jambo ambalo naliona zuri sana. Tumbawe ni chokaa iliyojengwa na viumbe vya baharini. Tanuu linaichoma, maji yanaizima, mwashi anaipaka, na hewa inairudisha polepole kuwa kile kile kilichotoka baharini. Jiwe na plasta ya chokaa ni karibu kitu kimoja, na eksirei haiwezi kuvitofautisha kwa uzito wake. Inavitofautisha kwa vitundu. Tumbawe lina vyumba vilivyopangwa, vinavyofuatana kama vilivyokua, nayo plasta ina mapovu ya ovyo, nyufa nyembamba, mabonge ya chokaa ambayo haikuchanganyika vizuri, na chembe nyeusi za mkaa uliobaki wa tanuu. Ukivitazama mara moja huvisahau. Na kwa kuwa vyote viwili vina vitundu vilivyoungana, maji yanayopanda kutoka kwenye msingi hupita katika jiwe, hupita katika plasta, na kutoka nje kwa hewa, huku chumvi ikiachwa juu ya uso ambako hufagiliwa.

Saruji iliyokaza vitundu vyake ni vidogo mno. Maji yakifika hapo husita, hukaukia nyuma yake, na chumvi huganda ndani ya jiwe lenyewe, ikikua na kusukuma kuta za vyumba vya tumbawe mpaka zinapasuka. Katika picha, chumvi ina rangi yake ya kati: huzuia miale kuliko hewa, lakini si kama chokaa, kwa hiyo hutokea kijivu ndani ya vyumba ambavyo vingepaswa kuwa vyeusi. Ukihesabu vyumba vyenye kijivu toka usoni kwenda ndani, unapata kina ambacho chumvi imefika. Hicho ndicho utakachomwonyesha mwenye nyumba.

Lakini nikuonye kuhusu kosa nililolifanya mimi mwenyewe. Nikiwa mafunzoni katika maabara moja, nilipewa kijiwe cha tumbawe, na picha yake ilionyesha ukingo mweupe kuzunguka kote, moyo wake ukiwa hafifu. Niliandika kwamba uso umejaa chumvi na umekuwa mgumu. Mwalimu wangu aliniuliza swali moja tu: upande uliokatwa kwa msumeno asubuhi hii ni upi? Nilipoutazama, nao ulikuwa na ukingo ule ule mweupe, na msumeno hauleti chumvi. Miale inayotoka kwenye mashine huwa mchanganyiko wa yenye nguvu na dhaifu. Iliyo dhaifu humezwa karibu na uso, na inayofika katikati ni ile yenye nguvu tu, ambayo hupenya kwa urahisi, kwa hiyo hesabu hudhani kwamba katikati ni pepesi kuliko palivyo. Dawa yake ni kuweka bati jembamba la shaba au alumini mbele ya miale ili iliyo dhaifu ibaki hapo, kisha kusahihisha kwa hesabu. Tangu siku hiyo sisomi picha kabla sijaambiwa ni uso upi uliokatwa na ni upi wa asili.

Mtunza vitu vya kale, Malindi

Nashukuru kwa uzi huu. Wavuvi huleta mara kwa mara mabonge waliyoyanasa nyavuni, chuma kilichoota kutu na kushikana na kokoto na makombe, na haiwezekani kujua ndani mna msumari, kufuli au hakuna kitu kabisa. Kulivunja bonge ni kukiharibu kilichomo. Je, miale inapita katika chuma?

Mleta uzi, Lamu

Inapita ikiwa na nguvu ya kutosha, dada yangu, na mfano mkubwa ulitoka baharini vilevile. Mwaka 1901 wapiga mbizi wa sifongo waliokuwa wakifanya kazi kwenye meli iliyozama karibu na kisiwa cha Antikythera, Ugiriki, walitoa bonge la shaba nyeusi iliyooza. Mwaka 2005 mashine nzito ya tomografia, yenye tani kadhaa, ilisafirishwa hadi Athens kwa sababu bonge lenyewe lilikuwa dhaifu mno kusafiri. Ndani yake zilionekana gia 30 na maandishi ya Kigiriki yaliyokuwa yamefunikwa kwa karne nyingi, na ikafahamika vizuri zaidi jinsi chombo hicho kilivyokokotoa mienendo ya jua na mwezi.

Kama ndani ya chuma mna mti, kwa mfano mpini wa kisu uliobaki ndani ya kutu, eksirei itauona chuma na kuukosa mti. Hapo hutumika nyutroni, chembe ndogo za kiini cha atomu, ambazo hufanya kinyume: hupita katika vyuma vingi kwa wepesi, na huzuiwa sana na haidrojeni, iliyomo katika mti, maji na mafuta. Nyutroni za kutosha hupatikana kwenye kinu cha nyuklia, na Afrika Kusini wanacho, SAFARI-1 karibu na Pretoria. Ila baada ya nyutroni kitu huweza kubaki na mnururisho kwa muda, na hushikwa mpaka upungue. Eksirei haifanyi hivyo. Ubao wangu huu ulitoka kwenye mashine ukiwa ubao tu, na wajukuu wangu wanauchezea.

Nakuomba jambo moja kabla ya picha yoyote: bonge lililotoka baharini lisikaushwe. Liwekwe ndani ya maji, kwa maana likikauka linapasuka lenyewe, na utapiga picha ya vipande.

Mchangiaji mwingine, Lamu

Haya yote ni mazuri, lakini wako wagonjwa wanaovuka bahari na kusafiri siku nzima kutafuta mashine ya CT. Sioni haki ya kuiwekea ubao.

Mleta uzi, Lamu

Nakubaliana nawe, na sitaki jambo hili lieleweke vibaya. Mgonjwa hatanguliwi na kitu chochote. Nilichokifanya kilichukua dakika chache za alfajiri, wakati mashine inapopashwa moto na hakuna mgonjwa aliyekuwa akisubiri, na kama angekuwapo ningeondoka na ubao wangu. Kazi ya kweli ya vifaa inapaswa kwenda kwenye maabara za vifaa, kwa vipande vidogo vinavyoweza kutumwa kwa posta. Na kabla ya kutuma chochote, fundi agonge kwanza. Pale sikio linapotosha, hakuna haja ya mashine.

Mwashi, Langoni

Nimekuelewa. Ninabandua ukuta mmoja wiki ijayo, unaoelekea baharini, na mwenyewe ameniruhusu nichukue kipande kwenye pembe iliyokwisha kuanguka. Niambie nikichukueje.

Mleta uzi, Lamu

Chukua viwili, kimoja chini karibu na msingi na kingine cha juu kwenye usawa wa bega, vyote chini ya plasta ile ile. Usivioshe, kwa sababu maji yatachukua chumvi tunayoitafuta. Usitumie msumeno wenye maji kwa sababu hiyo hiyo. Tumia tindo, pole pole, na uache saruji ikiwa imeshikamana na jiwe, maana pale zinapoungana ndipo pa kutazama. Kabla hujakitoa kipande ukutani, chora mshale wa penseli unaoelekea juu, na uandike "nje" kwenye uso uliokuwa ukitazama bahari. Uso utakaoukata wewe uupake alama ya msalaba. Kisha funga kila kipande peke yake kwenye mfuko wa nailoni, utoe hewa, ufunge kwa uzi, na uandike tarehe na kama maji yalikuwa ya bamvua au mafu. Nitavipitia mwenyewe Jumapili baada ya alasiri.